Miguu yako, Mama Neema

Bukavu, Jumapili jioni

Mama Neema wangu,

Jambo? Watoto wako wazima? Huku tuko, Mungu anatusaidia, mvua tu ndiyo imetuchosha. Mama Solange alishuka kwenye boti jana akanipa foromaji yako ya Masisi, aksanti sana. Lakini alileta na neno lingine: usiku miguu inakuwaka moto na kukuchoma kama sindano, mpaka unaiweka ndani ya beseni ya maji baridi. Tangu jana neno hilo halinitoki.

Unakumbuka mguu wa mama? Yeye naye alisema ni uchovu wa kupanda milima ya Kadutu. Jioni moja kaa la mbabula likamwangukia kidoleni. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi ikiungua. Yeye aliendelea kuchambua sombe. Kumbe sukari ilikuwa imeshakula mishipa ya fahamu, na sisi tunamsugua mafuta tu...

Sisemi yako ni hiyo. Mguu ukiukalia ukafa ganzi, ukaunyoosha ukapona baada ya dakika chache, hilo si jambo. Hata vidole vyangu vitatu vinavyoniamsha usiku, munganga alisema mshipa unabanwa hapa kwenye kifundo cha mkono, kazi ya cherehani. Ila wewe ni miguu yote miwili, kila usiku, na Mama Solange anasema inapanda. Nenda wakupime sukari kwenye damu. Uwaonyeshe pia dawa za kifua kikuu unazomeza: mojawapo, izoniazidi, hupunguza vitamini B6 mwilini, na vidonge vya kuirudisha vipo. Lakini usiziache mwenyewe, tafadhali!

Na ganzi ikikushika ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda, ulimi ukawa mzito, au mkojo ukatoka bila kujua, usingoje kuche. Baba Neema atafute gari usiku uleule.

Ilianza lini? Ukikanyaga yale mawe ya volkano unayasikia? Unaangalia nyayo zako kama zina kidonda? Kiu je? Unaamka mara ngapi kukojoa? Nani atakusindikiza? Kama ni pesa ya kipimo ndiyo inakuzuia, niambie kabla ya Alhamisi, Mama Solange anarudi huko na boti.

Mama Aline