Barua kwa mwanangu aliyeko Iyunga

Isyonje

Mwanangu,

Habari za huko Iyunga. Huku mawingu yametufunika tangu asubuhi, na mama yako anauliza kama lile blanketi linakutosha.

Jumapili uliniambia kwenye simu kwamba kazi ya chuo mliyopewa wiki tatu nyuma uliianza usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya. Ukacheka, ukajiita mvivu. Mimi sikucheka. Mwenyewe ulinihesabia: siku hiyo ulifua mashuka, ukapiga deki chumba, ukamsaidia mwenzako kubeba mtungi wa gesi. Mvivu gani huyo?

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Mwaka ule unamaliza darasa la saba, viazi vyetu vya bondeni viliungua kwa ugonjwa wa ukungu. Watu walidhani sikuwa na habari. Nilijua vizuri kwamba dawa hupigwa kabla jani halijaonyesha doa. Ila nilikuwa na deni kwa muuza pembejeo, naona aibu kumtazama usoni. Basi kila siku nikajitafutia kazi: leo naziba banda la nguruwe, kesho napalilia maharage, keshokutwa nanoa majembe ambayo hata hayakuwa butu. Jioni narudi nimechoka kweli, na roho imetulia. Wiki haikuisha, shamba likawa jeusi, linanuka. Nilipokwenda dukani mwishowe, yule mzee alinikopesha tena bila neno.

Kwa hiyo ratiba yako sikuulizi. Mama yako anataka nikuandikie uamke saa kumi alfajiri; hilo mtamalizana wenyewe. Mimi nauliza: katika hizo kazi, unaogopa nini? Nahisi ni zile hesabu za umeme zilizokupita ulipougua. Kama ndizo, basi cha kwanza asubuhi ni kwenda kumgongea mwalimu, au yule mwenzako wa Makete anayezielewa, kabla hujashika ndoo wala simu. Mashuka yatasubiri. Hayana alama, na ulinieleza mwenyewe kwamba kazi za semista zinabeba 40 kati ya 100.

Siku hizi mimi jioni naliweka bomba la dawa katikati ya mlango, ili nikitoka nijikwae nalo. Mama yako analalamika.

Alhamisi nashuka sokoni Mwanjelwa na magunia manne. Nitakupitia na viazi vyako. Ukiwa bado hujaenda kwa mwalimu, tutakwenda wote mpaka mlangoni kwake. Mimi nitakungoja nje.

Baba yako