Risala ya Walimu Tarajali kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kufunga Mazoezi ya Kufundisha

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya yetu, mkuu wa chuo, wakufunzi, wazazi na walimu tarajali wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuja. Risala za siku kama hii huomba mabweni, vitabu na basi la chuo. Mahitaji hayo yapo palepale, na mkuu wetu anayo orodha. Leo tumeamua kuzungumzia jambo lisilonunulika dukani, nalo ni namna walimu tarajali wa kike na wa kiume wanavyouamini uwezo wao wa kufundisha.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani hiyo hutokana na mambo manne: kuifanya kazi na kufaulu, kumwona mtu kama wewe akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mtu anavyoitafsiri hali ya mwili wake, kama vile moyo kwenda mbio. Watafiti Klassen na Chiu, katika utafiti wa walimu 1,430 nchini Kanada uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba walimu wa kike walijiamini kwa kiwango cha chini kuliko wa kiume katika kulidhibiti darasa. Hao walikuwa walimu kazini, tena wa mbali, na kutojiamini si kutoweza; hata hivyo tuliposikia habari hiyo tulitazamana.

Mwenzetu mmoja wa kike, ambaye andalio lake la somo wakufunzi hulitolea mfano, alipangiwa sayansi darasa la saba, lenye watoto zaidi ya 90, jambo lisilomshangaza mtu Uganda tangu elimu ya msingi kwa wote ianze mwaka 1997. Wavulana wakubwa wa viti vya nyuma wakaanza kuiga sauti yake. Chaki ikamvunjikia mkononi, akaugeukia ubao, akaandika kimya mpaka kengele ikalia. Msimamizi alimwandikia maneno mawili tu: “Paza sauti.” Lakini tukirudi nyuma, hapa chuoni katika majaribio ya umeme sisi wanaume ndio tuliokuwa tukiunga nyaya, yeye akiandika matokeo kwa sababu ana mwandiko mzuri. Huko kufaulu kwa mikono yake mwenyewe angekupata wapi?

Wanaume nasi tusijisifu. Mimi ninayesoma risala hii nilijitangaza kuwa tayari kwa darasa lolote, nikapewa darasa la kwanza. Siku ya tatu mtoto alinililia mguuni, wimbo wa kuhesabu ukanipotea katikati, na aliyeniokoa ni mwalimu tarajali wa kike wa chumba cha pili.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunakuomba utupangie shule zenye walimu wa kike wazoefu wa sayansi, ili dada zetu wawaone wakifundisha kabla ya kushika chaki, na wanaume tupelekwe madarasa ya chini tangu mwaka wa kwanza. Wakufunzi tunawaomba kazi za mikono katika majaribio zifanywe kwa zamu, na msimamizi akae na mwalimu tarajali walau dakika kumi baada ya somo, amweleze kilichokwenda vizuri na cha kurekebisha. Haya hayahitaji bajeti mpya.

Naomba kuwasilisha.