Rejesho la kodi lisubiriwe kwanza

Mhariri,

Hapa Jinja nimegeuka karani wa kodi za Marekani, tena bila mshahara. Mpwa wangu, muuguzi huko Waltham karibu na Boston, alikwisha peleka ritani yake (taarifa ya kodi ya mwaka) ndipo mwajiri wa zamani akamletea fomu ya W-2 iliyochelewa, ile inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Wenzake wakamhimiza arekebishe usiku uleule. Nikamwambia, "Tulia, mjomba."

Kama marekebisho yatakuongezea rejesho, yaani kodi iliyozidi unayorudishiwa, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wenyewe hushauri usubiri rejesho la kwanza liingie, ndipo upeleke fomu 1040-X ya kurekebisha ritani. Fedha hizo za kwanza ruksa kuzitumia. Muda upo: kwa kawaida miaka 3 tangu kupeleka ritani, au 2 tangu kulipa kodi, wowote utakaochelewa kwisha. (Sisi tuliozoea mwaka wa kodi unaoishia 30 Juni, kalenda yao hutuchanganya.) Ila ukigundua una deni, lipa upesi, riba haingoji rejesho.

Na wazazi wanaompigia mpwa wangu simu kuulizia ada ya shule wapunguze kidogo. Marekebisho huchukua wiki 8 hadi 12, pengine 16.

Mjomba mtu,
Walukuba, Jinja