Salamu za Noeli na Mwaka Mpya kwa Wanaukoo Wote

Kamwene ndugu zangu, mlioko Kalenga, Iringa Mjini, Mafinga, Makambako, Dar es Salaam na popote riziki ilipowapeleka. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha Noeli nyingine. Nawatakia sikukuu njema na mwaka mpya wenye heri, afya na baraka tele.

Mwaka ulikuwa mgumu. Mbolea haishikiki. Mahindi tuliyoyauza kwa bei ya hasara baada ya mavuno, sasa tunayanunua kwa debe, na Januari inakuja na ada zake. Walioshindwa nauli ya kuja nyumbani tunawaelewa, wasione aibu.

Lakini mwaka huu nimempoteza mama, na hilo limezidi yote. Mnajua baba alipofariki vinyungu vyake, yaani bustani zake za bondeni, vilichukuliwa, mama akabaki kulima vibarua kwenye mashamba ya watu. Miezi michache kabla hajatutoka, vilirudishwa mbele ya wazee. Alishukuru, akainama akashika udongo, kisha akauliza, "Na mavuno je?" Hakuna aliyemjibu.

Swali lile sijaweza kulala nalo. Ardhi haikai bure. Kila msimu aliyeishika amevuna, amesomesha, ameezeka bati. Aliyenyimwa amekopa, na dada yangu akaacha shule darasa la sita. Ukirudisha shamba tu, tofauti hiyo inabaki palepale, na wajukuu wanairithi.

Sisi wa Kalenga tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani akafa 1898, lilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, uliagiza lirudishwe ndani ya miezi sita, lakini lilitufikia 1954. Tulishangilia, na ilistahili. Ila ghala zilizochomwa Uhehe katika vita vya Mkwawa hazikurudi na fuvu. Baadaye, wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na vyakula kwa makusudi ili njaa imalize vita. Wanahistoria wanakadiria waliokufa walifika hadi 300,000, wengi wao kwa njaa hiyo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Nilimsikiliza kwa heshima. Bado swali la mama liko mezani.

Wanasema ni mambo ya zamani mno, hayahesabiki. Mbona yalihesabika kwa wengine? Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu, na deni lililotokana na malipo hayo lilimalizwa 2015. Haiti, mwaka 1825, ilidaiwa na Ufaransa faranga milioni 150 kwa kosa la kujikomboa, ikalipa kwa vizazi. Hesabu zilipigwa vizuri sana alipodai mwenye nguvu. Na mnyonge akishikilia hulipwa pia: mwaka 2013 wazee 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau waliifikisha Uingereza kwenye malipo ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo.

Sasa ndugu zangu, tutadai Berlin kwa mdomo gani ikiwa tumekalia vinyungu vya wajane wetu? Zakayo hakumwambia Bwana "samahani" akaendelea kula. Alisimama akasema atarudisha mara nne. Toba isiyogusa mfuko, Mungu hadanganyiki nayo. Wewe uliyeuza kiwanja cha yatima, wewe uliyehamisha ng'ombe wa marehemu usiku, wewe kijana unayekula kodi ya nyumba ya shangazi yako, usisogee kwenye pango la Mtoto Yesu na mali ya mtu mkononi. Rudisha. Rudisha na faida yake. Kama huna, anza na gunia moja kila mavuno, lakini anza.

Kikao cha ukoo ni tarehe 28 Desemba, saa nne asubuhi, baada ya misa ya kumwombea mama. Mwenye mali ya mjane au yatima aje na hesabu ya miaka yote aliyoitumia. Wazee watakuwepo kuisikiliza.

Heri ya Noeli na Mwaka Mpya. Mungu awabariki.