Msiwashe kiberiti, mabua nayataka

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni mkulima wa nyanya hapa Mlali, wilayani Mvomero, robo eka tu ya kukodi. Mwaka jana, mavuno ya mpunga yalipokwisha, nilikwenda Dakawa kumjulia hali dada yangu nikakuta majaruba yanawaka moto. Mabua makavu, marefu, safi, yanateketea mchana kweupe. Nilishika kiuno. Dada akanicheka: "Yaani mdogo wangu unalilia majani?"

Ndiyo, nalilia majani. Kiangazi kile nilikuwa na mistari kumi na miwili ya nyanya. Sita niliitandazia mabua ya mpunga, unene wa kama vidole vinne, miche ilipokwisha kushika na udongo ukiwa umeshiba maji. Sita niliiacha wazi kwa sababu mabua yaliniishia. Siku ya tatu, saa saba mchana, niliinua mabua nikachota udongo wa chini yake. Ulifinyangika kiganjani. Nikavuka kwenye mstari wa jirani usiofunikwa: nyufa tupu, kama magaga ya kisigino. Huko wazi nilikuwa namwagilia kila baada ya siku moja. Palipofunikwa pakavumilia hadi siku ya nne. Pampu ni ya kukodi na petroli naweka mwenyewe, kwa hiyo hesabu hiyo haikunihitaji daftari.

Vuli ilipoanza nikaona jingine. Tone la mvua likipiga udongo mtupu hurusha tope hadi kwenye majani ya chini, na bakajani, ule ugonjwa wa madoa ya majani, huanzia hapo hapo likapanda juu. Sisemi matandazo ni dawa. Bakajani liliingia pande zote mbili, ila kwenye mabua lilichelewa, na nyanya za chini nilizichuma safi, hazijagusa tope. Dalali wa nyanya anajua tofauti hiyo hata kama hataki kuilipia.

Nisifiche aibu yangu pia. Msimu wangu wa kwanza nilisogeza majani hadi kwenye shina, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Mashina yakaanza kuoza, na mchwa wakamaliza kazi. Siku hizi naacha nafasi ya kiganja kuzunguka kila mche. Isitoshe, majani yenyewe nilikuwa nimeyafyeka barabarani yakiwa yamekwisha kutoa mbegu. Mvua mbili tu, nikawa mkulima wa nyasi.

Wapo watakaoniambia ninunue plastiki nyeusi. Nilinunua, kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Morogoro, kwa kijana mmoja mwenye maneno matamu. Magugu mengine yalikufa kweli, lakini ndago iliitoboa kama sindano. Jua likaichanachana, na kuivua yote kutoka ardhini nilishindwa. Mpaka leo jembe linaibua vipande. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mimi nimekwenda kuizika shambani kwa jina jingine! Mwenye fedha ya kununua ile nzito, na subira ya kuikunja vizuri kila msimu, huenda ikamfaa. Mimi nimeshindwana nayo.

Basi kwa nini sirudi Dakawa kila mwaka? Nilirudi. Mabua nilipewa bure, nauli ya kirikuu ndiyo iliyoniumiza. Mabua yasiyofungwa hujaa gari upesi na uzito hayana, kwa hiyo unalipa kusafirisha upepo. Kungekuwa na kikundi chenye mashine ya kufunga marobota, hata moja tu kwa skimu nzima ya umwagiliaji, gari lile lile lingebeba mara kadhaa ya nilichobeba, na mwenye jaruba angepata chochote badala ya majivu. Viongozi wa skimu na maofisa ugani wetu, hilo naomba mlizungumze kabla ya mavuno, kwa kuwa baada ya mavuno huwa mmeshachelewa. Wafugaji nao wanayahitaji, najua. Yanatutosha sote yasipochomwa.

Kwa sasa nina ombi dogo kwa yeyote wa Dakawa ambaye mabua yake yanamkera: anisubiri wiki moja tu. Kamba ninazo, na dereva wa kirikuu nimeshapatana naye.

Mkulima wa nyanya,
Mlali, Morogoro