Risala ya Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Mwamba wa Pweza

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Afisa Uvuvi wa Wilaya, Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, masheikh na wachungaji wetu, manahodha, mabaharia na mama zetu wa pwani, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu asubuhi hii ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, siku ambayo ratiba hupangwa na maji wala si kamati ya maandalizi. Tutajitahidi risala isiwacheleweshe wanaosubiri kuingia mwambani, ingawa tunayo mambo ambayo tumeona ni afadhali kuyasema mbele yako kuliko kuyaandika katika taarifa.

Kikundi chetu kimeundwa kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, zinazowapa wananchi wa mwambao nafasi ya kusimamia rasilimali za uvuvi kwa kushirikiana na Serikali. Doria, takwimu za samaki wanaoshushwa dikoni, usafi wa diko na usuluhishi wa migogoro ya nyavu ni kazi zetu za kila siku, nasi hatutakuchosha kwa kuzieleza, kwa kuwa unazisoma katika taarifa zetu. Leo tunafungua mwamba tulioufunga usivuliwe pweza kwa miezi mitatu. Pweza wa miamba yetu hana umri mrefu. Hukua kwa kasi ya ajabu, na jike hutaga mara moja tu maishani mwake, akakaa pangoni kuyalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Kwa sababu hiyo mwamba ukipumzishwa kwa msimu mmoja tu, yule ambaye angechokolewa akiwa hajatimiza nusu kilo, uzito ambao Kanuni zinaukataza, hupata muda wa kukua mara kadhaa na wengine huwahi kutaga.

Habari ya ufungaji huu haikutufikia kwa bango wala kwa kipeperushi. Ilianza kwa wavuvi wa Andavadoaka huko Madagaska mwaka 2004, ikaenea katika visiwa na vijiji vya mwambao wetu, Songosongo na Pemba ikiwamo, na sisi tuliipokea kwa midomo ya wachokoaji pweza wenzetu, waliotueleza faida yake na pia ugomvi uliotokea mwanzoni, wakati baadhi ya watu walipoingia usiku kuiba. Kwa kuwa walitueleza na ubaya wake, tuliwaamini. Ndiyo maana tumechagua leo kuzungumzia namna habari za mabadiliko ya tabianchi zinavyofika, au zisivyofika, kwa watu wanaoishi kwa kutegemea bahari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaisikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na tunashukuru kwamba tahadhari zake hupangwa kwa ngazi zinazoeleweka: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa ya kawaida wakati wa kusi, upepo utokao kusini, husema kwamba unatarajiwa upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani, yaani mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, Lindi na Mtwara, na visiwa vya Unguja na Pemba. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanaubeba mwambao wenye zaidi ya kilomita 1,400, na nahodha wa ngalawa anayekusudia kutega madema, mitego yetu ya samaki, nyuma ya mwamba unaomkinga na kusi anahitaji kujua jambo lililo dogo kuliko hilo, na kwake ndilo kubwa: upepo huo utaanza kabla ya alfajiri au baada ya adhuhuri, na utayakuta maji yakijaa au yakitoka? Kusi ya kilomita 40 ikikutana na mkondo wa maji yanayotoka mlangoni, njia ya maji kati ya miamba, siku ya bamvua huinua bahari iliyo tofauti kabisa na ile ya kusi hiyohiyo katika siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Mvuvi analijua hilo tangu utotoni, na mtaalamu anazo hesabu zake. Hao wawili hawajakaa mkeka mmoja.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni imani. Mwezi Aprili 2019 tulitahadharishwa kuhusu Kimbunga Kenneth, nacho kikapita upande wa pili wa Mto Ruvuma, kikaipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, kikaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Aprili 2021 tulitahadharishwa kuhusu Kimbunga Jobo, nacho kikafifia baharini kabla ya kutufikia. Mara zote mbili waliotii walikaa nyumbani wakakosa kitoweo, na waliokaidi walirudi salama na kuuza kwa bei ya juu kwa kuwa mnada ulikuwa mtupu. Hapo ndipo maneno ya kwamba tunatishwa tu yalipoota mizizi barazani. Hakuna aliyekuja dikoni wiki iliyofuata kutueleza kwamba Kenneth hakikuwa uongo, ila majirani zetu ndio waliopata tuliyoepushwa nayo, wala kwamba kimbunga kama Jobo kikikosa nguvu njiani, kosa si la aliyetahadharisha. Tahadhari ilikuja na kipaza sauti. Maelezo ya baadaye hayakuja kabisa.

Tarehe 4 Mei 2024 ikafika zamu ya Kimbunga Hidaya. Ingawa kimbunga hicho kilipungua nguvu kilipofika Mafia, mvua zake ziliikata barabara kuu eneo la Somanga, na sisi wa wilaya hii ya Kilwa tukatengwa na Dar es Salaam. Vyombo vingi vya diko letu vilikuwa vimepandishwa juu mapema, na tungependa ujue ni kwa nini. Tangazo la redio lilisikika, lakini lililowaondoa vijana majini ni wazee waliokuwa watoto mwezi Aprili 1952, wakati kimbunga kilipoipiga Lindi, ambao walikwenda kukaa dikoni na kusimulia walichokiona. Vijana waliokuwa wakicheka wakaanza kutafuta magogo ya kupandishia mashua. Tunadhani utabiri ulihitaji shahidi, na shahidi alikuwapo kijijini siku zote, isipokuwa hajawahi kualikwa kwenye semina hata moja.

Baada ya Hidaya tulijiwekea utaratibu mdogo. Bendera hupandishwa dikoni jioni kwa rangi zilezile za ngazi za tahadhari: njano, ya chungwa na nyekundu. Anayeipandisha ni nahodha mstaafu, kwa makusudi, kwa kuwa anajua kuongeza maneno mawili kuhusu maji na mlango upi uepukwe. Siku inayofuata, upepo ukija au usipokuja, hutangazwa palepale kwamba jana tuliambiwa hivi, na imetokea hivi. Hilo la pili ndilo lililobadilisha mazungumzo ya barazani, maana mvuvi akishaona kwamba utabiri unakosea wakati fulani na wenyewe wanakiri, huacha kuudai uwe kamili na huanza kuutumia kwa akili yake, kama anavyotumia nyota na mawingu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, suala la wakati nalo lina uzito wake. Mikutano mingi ya kuelimisha jamii huitwa saa nne asubuhi. Katika siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, na hapo mama zetu wako mwambani wakichokoa pweza. Kwa hiyo mkutano wa saa hiyo huhudhuriwa na wenye nafasi, ambao mara nyingi si wale wanaoingia majini, kisha taarifa ikaandikwa kwamba mwitikio wa wanawake ulikuwa mdogo. Mkutano huohuo ukiitwa siku ya nane au ya tisa ya mwezi mwandamo, maji yakiwa mafu, uwanja hautoshi. Wavuvi wa dagaa wao hutoka usiku wa giza na hulala mchana, hivyo hupatikana wakati wa mbalamwezi. Swala ya Ijumaa huwakusanya wengi bila posho ya mtu yeyote. Kalenda ya mwezi mwandamo ingetosha kuyapanga haya yote, na wala si ghali.

Tusiwasahau wageni wetu wa dago, yaani kambi za wavuvi wanaohamahama. Kila msimu hufika hapa wavuvi kutoka Kojani, Pemba, na kwingineko, wakapiga kambi zao ufukweni kwa wiki au miezi. Hawamo katika daftari la kijiji, namba zao za simu hazimo katika kundi letu la ujumbe, na hawana shamba la kurudi kulima siku bahari ikichafuka, hivyo ndio wanaothubutu zaidi. Ujumbe unaopita kwa mwenyekiti wa kitongoji peke yake unawapita pembeni.

Na katika yanayosemwa kwenye mikutano yenyewe, kuna mambo mawili yanayotutatiza. Wapo wanaotuambia kwamba samaki wamepungua kwa sababu sisi tumepiga baruti, tumekokota makokoro na kukata mikoko. Na wapo wanaotuambia kwamba yote ni tabianchi. Maneno ya kwanza humfanya mvuvi wa mshipi, ambaye hajashika baruti maisha yake yote, aondoke mkutanoni kwa hasira. Ya pili humfurahisha mpiga baruti. Ukweli tulioushuhudia uko katika kuyatenganisha. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka na kufa katika eneo kubwa la magharibi ya Bahari ya Hindi, yakiwamo hata yale yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, kwa sababu maji yalipata joto kupita kiasi. Hapo mvuvi hana hatia. Lakini mwamba uliopauka huweza kuota upya ukiachwa utulie, na ukikokotwa juya juu yake hauoti. Hapo tunao wajibu. Mikoko nayo ni vivyo hivyo: hatuwezi kuizuia bahari isipande, ila mchu na mkoko uliosimama hupunguza nguvu ya wimbi, na uliokatwa haupunguzi kitu. Ukielezwa hivyo, mkutano hauna haja ya kulaumu mtu.

Tumejifunza pia kwa wakulima wa mwani wa Zanzibar. Zao hilo lilianza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, ulipoanza kuoza na kufa katika maji ya kina kifupi yaliyozidi kupata joto, wanawake wale ndio waliouona kwanza, kwa kuushika kwa mikono yao, na wakaanza kuuliza. Majibu ya wataalamu yaliwaelekeza kwenye maji ya kina kirefu zaidi yaliyo na ubaridi. Hata hivyo, ushauri huo ulidai kamba ndefu, chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakuwa na hayo. Ndivyo ilivyo hata kwetu tunapoambiwa tuache miamba ya karibu twende bahari kuu: ushauri ni mzuri, lakini ngalawa ya tanga haifiki huko, na samaki wa huko bila barafu huharibika kabla ya mnada.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa hayo tunayo maombi. Tunaomba ofisi yako itusaidie kuzungumza na Mamlaka ya Hali ya Hewa ili taarifa ya bahari kwa eneo letu itolewe ikiwa imegawanywa walau kati ya kaskazini na kusini mwa wilaya, ikitaja saa za upepo pamoja na hali ya maji, na itufikie kabla ya swala ya isha kwa ujumbe wa sauti, kwa kuwa picha yenye ramani hudai bando na macho makali, na nje ya mwamba mtandao haupatikani. Tunaomba kila tahadhari kubwa ifuatiwe na maelezo ya kilichotokea, hata kikiwa si chochote. Tunaomba miradi yote inayoingia wilayani kuelimisha wavuvi itakiwe kuwasilisha ratiba yake kwa vikundi kama chetu mapema, tuipatanishe na maji. Mkakati wa Kitaifa wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 2021 hadi 2026 una sehemu zinazotuhusu. Tunaomba zisomwe na kujadiliwa dikoni, si ukumbini mjini. Na pale ushauri unapotaka injini, barafu au maboya ya kuokolea, tunaomba uje pamoja na njia ya mkopo ambayo mvuvi asiye na hati ya nyumba anaweza kuipata.

La mwisho, tunaomba Afisa Uvuvi na mtaalamu wa hali ya hewa wapangiwe siku moja katika kila msimu, kusi na kaskazi, ya kuja kukaa na manahodha na mama wa pweza pasipo mada wala hotuba, waandike wanayoyasikia, kisha warudi kutuambia yapi yamefanyiwa kazi na yapi yameshindikana.

Pweza watakaovuliwa leo watapimwa mbele yako, na takwimu zake utakabidhiwa kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.