Kadi ya kliniki inafungwa mapema mno

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mlichapa makala kuhusu unene wa watoto mijini. Mengi yaliyomo nayakubali: soda kila siku, chipsi kila jioni, mitaa isiyo na kiwanja hata kimoja cha kuchezea. Lakini mwandishi alimalizia kwa kusema kwamba nyuma ya kila mtoto bonge kuna mama asiyejua kumkatalia mtoto. Hapo ndipo naomba nafasi ya kujibu.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa mkoa wa Tanga. Kwa miaka 29 kazi yangu kubwa ilikuwa kliniki ya mama na mtoto: kupima, kuandika, kuchanja, kushauri. Maneno ya mwandishi wenu yaliniuma kwa sababu na mimi niliwahi kuyatamka, mbele ya mama, watoto wake wakisikia.

Mama huyo alikuwa na pacha wasiofanana, wasichana wawili. Niwaite Kulwa na Doto. Walipozaliwa walipishana gramu chache tu. Walinyonya maziwa ya mama mmoja, wakaanzishiwa uji siku moja, wakala sinia moja. Kulwa alikuwa akinyonya kidogo anaachia, anageuza uso na kutafuta kitu cha kuchezea. Doto haachii mpaka titi liishe, kisha analilia la pili. Kwenye mizani ya kuning'iniza wote wawili walikwenda vizuri, mwezi hadi mwezi, hadi walipotimiza miaka mitano na kadi zao zikafungwa. Niliwaona tena wakiwa darasa la tatu, mama amemleta Kulwa ana homa. Doto alikuwa amempita mwenzake kwa kilo nyingi, na shuleni hawakumwita tena kwa jina lake. Nikamwambia mama, "Huyu unampendelea, yule unamnyima." Akanijibu kwa upole, "Hapana nesi, huyu ni shangazi yake mtupu." Sikumsikiliza. Nilimwandikia dawa ya homa nikamwita mgonjwa mwingine.

Nilipostaafu nikapata muda wa kusoma. Binti yangu aliyesomea maabara hunitafutia ripoti na kunieleza pale lugha inaponishinda. Nimejifunza nikiwa barazani kwangu mambo niliyopaswa kuyajua nikiwa nimeshika mizani.

La kwanza ni hilo la shangazi. Mwaka 1986 daktari wa Marekani, Albert Stunkard, na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Denmark, nchi yenye rejesta nzuri ya watoto waliochukuliwa kulelewa na familia nyingine. Waliwachukua watu wazima 540 waliolelewa hivyo, wakalinganisha miili yao na ya wazazi waliowazaa na ya wazazi waliowalea. Unene na wembamba ulifuata waliowazaa. Kwa waliowalea, waliowapakulia chakula utoto mzima, hawakuona uhusiano wowote. Yule mama hakuwa na rejesta ya Denmark, lakini alimjua wifi yake.

La pili linahusu kunyonya. Watafiti wa London walifuatilia familia zaidi ya 2,000 za Uingereza na Wales zilizojifungua pacha mwaka 2007. Waliwauliza wazazi jinsi kila mtoto anavyonyonya: anaharakisha au anachelewa, anashiba upesi au la, akiona maziwa anachangamka kiasi gani. Haya yote yaliulizwa kuhusu wiki zile za mwanzo za maziwa matupu. Pacha wa kufanana, ambao jeni zao (vinasaba, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) ni zilezile, walifanana sana katika tabia hizo. Wasiofanana walitofautiana zaidi. Maana yake, njaa ya mtoto na wepesi wake wa kushiba kwa sehemu kubwa anazaliwa navyo. Nikawakumbuka Kulwa anayegeuza uso na Doto anayelilia titi la pili.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2019 Amit Khera na wenzake wa Boston, Marekani, walikusanya tofauti ndogondogo za vinasaba zaidi ya milioni 2, kila moja ikiwa na mchango mdogo mno katika uzito, wakazijumlisha kuwa alama moja kwa kila mtu. Kisha wakawaangalia watoto wa eneo la Bristol, Uingereza, waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kufuatiliwa tangu wakiwa tumboni. Walilinganisha sehemu ya kumi ya watoto wenye alama za juu kabisa na sehemu ya kumi yenye alama za chini kabisa. Siku ya kuzaliwa walipishana kwa wastani wa gramu 60 hivi, ambazo, Mhariri, ni uzito wa yai moja la kuku. Walipofika miaka 8 tofauti ilikuwa kilo 3 na nusu. Walipofika miaka 18 ilikuwa imezidi kilo 12.

Kwa hiyo urithi huo upo tangu mwanzo, ila mizani ya wodi ya wazazi haiwezi kuuona. Unajitokeza polepole. Kila mtoto hunenepa mwaka wa kwanza. Akishaanza kukimbia hupungua, na kwenye miaka mitano au sita hivi mwili huanza kujaza tena. Kuna jeni iitwayo FTO, iliyogunduliwa kuhusika na unene mwaka 2007. Watoto wenye aina yake inayoongeza uzito hufika mapema kwenye zamu hiyo ya kujaza, na mtu mzima aliyeirithi kwa baba na kwa mama huwa mzito kwa kilo 3 hivi, kwa wastani, kuliko asiye nayo kabisa. Sasa itazame kadi yetu. Inamfuata mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka mitano, kisha tunaifunga. Tunaondoa macho pale hasa kadi ya pili ya mtoto inapoanza kuandikwa. Na kwa watoto wengi mizani inayofuata ni ya siku wanapougua.

Watu huniuliza, jeni inawezaje kumnenepesha mtu? Haipeleki mafuta mwilini kama maji mtungini. Nyingi kati ya hizi hufanya kazi ubongoni, panapopimwa njaa na shibe. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York, na homoni hiyo huupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani, wa familia ambazo ndugu huoana, kama ndoa za binamu tunazozijua huku pwani. Walizaliwa na uzito wa kawaida. Lakini wote wawili walirithi jeni mbovu ya leptini kutoka pande zote mbili, na taarifa ya akiba haikufika kamwe. Msichana alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Msichana alipoanza kuchomwa sindano za leptini, njaa ilitulia na uzito ukashuka kwa zaidi ya kilo 16 katika mwaka mmoja. Mama yake alikuwa yuleyule, na jiko lilikuwa lilelile.

Hali ya watoto wale ni nadra sana, sisemi kila mtoto bonge anayo. Ninachosema ni kwamba njaa ni kitu cha mwilini kama homa, na hakuna nesi anayemkaripia mtoto kwa kuwa na homa.

Sisi tuna mazoea mabaya ya kumtafuta mkosaji, na kila mara tunampata mwanamke. Mtoto akidhoofu, mtaa mzima unanong'ona kwamba amebemendwa, mama hakutulia. Akinona akiwa mchanga, mama anasifiwa. Akibaki mnene akiwa na miaka tisa, sifa zilezile zinageuka lawama. Nimeona akina mama wakimfunga mtoto khanga mbili siku ya kliniki ili aonekane amejaa, na nimeona wengine wakiacha kuja kabisa kwa kuogopa maneno ya sisi wauguzi.

Najua nitaambiwa kwamba nawapa watu kisingizio. Shangazi zetu walikuwa na jeni hizihizi na hawakunenepa kiasi hiki. Jeni za ukoo hazibadiliki kwa kizazi kimoja. Ni kweli. Katika utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16, wanawake 28 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na huo si mwendo wa vinasaba peke yake. Lakini watafiti wale wa London waliwaangalia pacha wao tena walipofika miaka 4, safari hii wakichunguza na nyumba: kuna vyakula gani, televisheni kiasi gani, nafasi ya kucheza kiasi gani. Katika nyumba zenye vishawishi vingi, tofauti za uzito kati ya watoto zilitokana na urithi kwa asilimia 86. Katika nyumba zenye vishawishi vichache, asilimia 39. Nyumba yenye soda na biskuti kila kona haimdhuru Kulwa sana. Inamdhuru Doto. Kwa hiyo mazingira ni ya kurekebishwa, tena kwa haraka, na kwa nyumba nzima, si kwa kumpa Doto nusu sahani huku pacha wake akila soseji mbele yake.

Wala sishauri mtu apeleke pesa kwa wanaouza vipimo vya vinasaba vya unene. Alama kama ile ya Boston zilitengenezwa zaidi kwa damu za Wazungu, na kwetu hazisomi vizuri. Mwaka 2017 uchunguzi wa Waafrika wa magharibi ulikuta badiliko katika jeni iitwayo SEMA4D ambalo halionekani kwa Wazungu wala Waasia, na walio nalo ni wazito kwa karibu kilo 3. Ya kwetu yanahitaji kutafutwa kwetu.

Ninachoomba ni kidogo. Kadi iendelee mpaka mtoto amalize darasa la saba, apimwe uzito na urefu mara mbili kwa mwaka. Apimwe chumbani, mmoja mmoja, na namba isisomwe kwa sauti. Mstari ukianza kupanda kwa kasi, aitwe mzazi, baba pamoja na mama, waulizwe kwanza habari za ukoo na njaa ya mtoto kabla ya kushauriwa chochote. Mizani na futi vingi tunavyo tayari. Na walimu wapige marufuku jina la Bonge darasani kama wanavyopiga marufuku matusi mengine.

Nilimtafuta yule mama mwaka jana nikamwomba radhi. Alinikaribisha chai. Doto yuko kidato cha pili, anafanya vizuri masomoni. Mama yake ananiambia kwamba tangu siku ile ya darasa la tatu binti huyo hajakubali tena kupanda mizani yoyote.

Wako,
Muuguzi mstaafu, Tanga
(Jina limehifadhiwa)